Sikiliza Kwanza, Jina Baadaye: Mwongozo wa Tamathali za Semi kwa Msomaji wa Nyaishozi

Mkulima wa Nyaishozi akimwambia mnunuzi wa kahawa ya maganda, "Waitu, mizani yako ina huruma kweli," hajakisifu chombo. Gunia alilolipima nyumbani limepungua kilo kadhaa lilipotundikwa, na majirani waliosimama kando ya turubai wanacheka kwa sababu wamemwelewa. Ndani ya sentensi hiyo fupi kuna tamathali mbili. Mizani, kipande cha chuma, imepewa moyo wa kuhurumia: hiyo ni tashihisi. Na huruma inayotajwa ni kinyume cha kinachotendeka: hiyo ni kejeli. Mwanawe wa kidato cha tatu, anayeshika mdomo wa gunia lile lile, amecheka pia. Kesho yake darasani akiulizwa kejeli ni nini atababaika, kisha atataja fasili aliyoikariri, na mfano wake utakuwa ule ule ulio katika daftari la kila mwenzake.

Namwandikia kijana huyo, na mwalimu wake mwenye darasa kubwa na vitabu vya kugawana, na mtu yeyote wa Karagwe au Kyerwa anayependa kusoma lakini akifika kwenye neno "tashihisi" huona kama amerudishwa dawatini. Ushauri wangu wote unatokana na jambo moja: jina la tamathali lije mwisho. Kwanza sikia kwamba usemi umeacha njia yake ya kila siku. Kisha uliza ni kitu gani kimeazimwa, na amepewa nani. Kisha uliza kimefanya kazi gani ambayo maneno makavu yasingeiweza. Mwanafunzi aliyejibu maswali hayo akasahau jina amekosa kidogo. Aliyekumbuka jina peke yake bado hajasoma.

Kuazima

Tamathali nyingi ni za kuazima: sifa ya kitu kimoja inachukuliwa na kupewa kingine. Mzee akimwonesha binti yake mkubwa, aliyewalea wadogo zake baada ya mama yao kufariki, akasema, "Huyu ni mgomba mama," kinachosemwa ni binti, kilichoazimwa ni mgomba, na kinachowaunganisha ni yale machipukizi yaliyolizunguka shina moja yakipata kivuli. Hakuna neno la kulinganisha. Binti ametajwa moja kwa moja kuwa mgomba. Hiyo ni sitiari. Akisema, "Huyu ni kama mgomba mama," au "mithili ya mgomba mama," amekuwa mwangalifu zaidi, ameacha mwanya kati ya vitu viwili. Hiyo ni tashibiha.

Vitabu vingi huishia hapo, kwenye kuwapo au kutokuwapo kwa neno "kama". Wewe endelea. Mtu aliyekulia kwenye shamba la migomba anajua jambo ambalo mwandishi wa kitabu cha kiada huko mjini anaweza asilifikirie: shina la mgomba huzaa mara moja tu. Mkungu ukikomaa, shina hukatwa na machipukizi huendelea. Je, mzee alikusudia na hilo? Huenda alitaka kumsifu bintiye, basi. Lakini picha aliyoiazima imekuja na vyote vyake, na msikilizaji makini anasikia ndani ya sifa ile huzuni ya msichana ambaye ujana wake umeishia kwa wengine. Sitiari yenye uhai huzidi mara nyingi kusudio la msemaji wake. Ukiligundua jambo la namna hiyo katika riwaya au shairi, ukalitetea kwa ushahidi wa matukio yenyewe, hapo umefanya kazi ya msomaji.

Sasa "kama", kwa maana ndiyo inayowaponza wengi. "Kama mvua itanyesha tutapanda maharage" ni sharti. "Amevuna kama magunia kumi" ni makadirio. "Mwanao ni mrefu kama baba yake" ni ulinganisho kweli, lakini wa mtu kwa mtu na urefu kwa urefu. Ungeweza kuupima kwa futi ukamaliza ubishi. Tashibiha inataka vitu vya jamii tofauti vilivyokutanishwa na akili: "Mwanao ni mrefu kama mnara wa simu." Vivyo hivyo "ni" haileti sitiari kila inapotokea. "Kayanga ni makao makuu ya Wilaya ya Karagwe" ni taarifa. "Butura ni mgeni anayekula mbegu" ni sitiari, na mtu wa huku haelezwi zaidi: kuiuza kahawa ingali maua au punje changa mtini, kwa bei ya mwenye shida, ni kuyala mavuno ya msimu ambao haujafika.

Tena sitiari haingoji "ni". Hujificha ndani ya vitenzi: bei imelala, deni limemea, barua imezunguka ofisi tatu. Hujificha hata katika majina ya vitu. Juu kidogo nimeandika kwamba kijana alishika mdomo wa gunia; uliiona? Gunia halina mdomo, wala meza haina mguu, wala chupa haina shingo. Sitiari hizi zimezeeka hadi hatuzioni tena, na usizihesabu katika jibu la mtihani ila pale mwandishi anapoziamsha, kwa mfano akiandika kwamba mdomo wa gunia ulikataa kufumba kama mdomo wa mbea. Hapo kilichokuwa kimelala kimeamka, nawe unacho cha kueleza.

Tashihisi nayo ni kuazima. Kinachoazimwa ni utu. Na hapa Kiswahili kina hila yake ambayo vitabu huipita mbio. Linganisha "Njaa ilibisha hodi" na "Njaa alibisha hodi." Ya kwanza imeipa njaa tendo la mtu lakini imeiacha katika ngeli yake. Ya pili imeihamishia kwenye ngeli ya watu: sasa Njaa ni mhusika, ataandikwa kwa herufi kubwa, ataketi, atakula, atalala hapo. Ngano zetu zimefanya hivyo tangu zamani, Jiwe akasema na Mto akakasirika. Kwa hiyo unaposoma, macho yako yasiishie kwenye nomino; tazama kiambishi cha kitenzi.

Kiambishi cha ngeli kinaweza pia kumshusha mtu. Mwandishi anayemwita mhusika wake "kijitu kile" au "lile jitu" hahitaji kivumishi cha dharau. Dhihaka imeingia kwa mlango wa ngeli. Runyambo hudogosha kwa ka-, na sisi wa bara tumeileta hadi kwenye Kiswahili chetu: katoto, kagari, kanyumba. Ukimwandikia mhusika wa kijijini mazungumzo, kagari kana ladha yake na kanamtambulisha msemaji. Katika insha yako mwenyewe ya mtihani, andika kigari.

Darasa la majigambo

Ningeachiwa nichague somo moja tu la tamathali kwa shule za Nyaishozi, ningechagua majigambo, ebyebugo kwa lugha za nyumbani. Rwanda, ng'ambo ya Mto Kagera, wanayaita ibyivugo. Ankole, kule Uganda, ni ebyevugo, na H. F. Morris aliyafanyia kitabu mwaka 1964. Yunus Rubanza alichapisha "Fasihi Simulizi: Majigambo (Ebyebugo)" mwaka 1994. Naye Mugyabuso Mulokozi, mzaliwa wa Kagera, alipoziainisha tanzu za fasihi simulizi katika jarida la Mulika mwaka 1989, aliyapa majigambo nafasi yao katika ushairi kwa jina la kivugo. Maana yake ni kwamba jambo analolifanya babu yako harusini, akisimama na fimbo badala ya mkuki, lina nafasi katika uainishaji wa fasihi simulizi ya Kiswahili. Wanafunzi wengi wa huku hawajaambiwa hivyo, na naona ni hasara kubwa.

Zamani mtu alijigamba mbele ya mtawala akitangaza alichokitenda vitani. Siku hizi utayasikia zaidi kwenye sherehe, na aliyechinja adui amempisha aliyelima, aliyesomesha, aliyejenga. Mjigambaji husema kwa kasi, na msikilizaji hana ukurasa wa kurudia. Kila picha lazima ionekane papo hapo au imepotea. Ndiyo maana tamathali za majigambo huwa kubwa, za wazi, zenye kufuatana bila kupumua.

Haya hapa mafupi. Nimeyatunga kwa ajili ya mwongozo huu, ya mkulima anayejigamba kwenye harusi ya mdogo wake:

Mimi ndimi Kisiki, nikwazaye wapita usiku!
Niliponyanyua panga, magugu yaliomba radhi.
Jasho langu lilijaza mabirika, ng'ombe wakanywa wakasaza.
Mvua iliponiona ilisita, ikauliza: nianzie wapi, bwana?
Mimi mgomba: nikate leo, kesho nachungulia.
Nani basi alilala njaa, nami nimesimama?

Usikimbilie majina. Msitari wa kwanza unafanya nini? Mtu amejipa jina la kisiki, kitu kisichohama wala kukimbia, ambacho anayepita gizani hukigundua kwa kidole cha mguu. Ni sitiari iliyogeuzwa jina la sifa. Lakini "wapita usiku" ni akina nani? Ni wanaoiba mikungu na kahawa shambani. Mjigambaji hakuwataja kwa jina lao, kwa sababu harusini mwizi anaweza kuwa ameketi meza ya pili na sahani ya pilau mbele yake. Kuficha huko kwa neno la upole ni tafsida. Kwa hiyo msitari mmoja umetisha na kustahi kwa wakati mmoja, na mwanafunzi anayeandika tu "kuna sitiari" ameacha nusu nje.

Msitari wa pili una tashihisi, magugu yakiomba radhi, na una mubalagha, kwa maana panga kuinuliwa tu kumetosha. Usigombane na mwenzako kuhusu ipi ni sahihi. Zote ni sahihi, na tamathali mbili kuishi katika msitari mmoja ni jambo la kawaida.

Wa tatu ni mubalagha tupu, na nguvu yake iko katika neno la mwisho. Jasho kujaza birika ni chumvi ya kawaida. Ng'ombe kunywa ni chumvi zaidi. Ng'ombe wenye kiu kunywa na kusaza, hapo wageni wanapiga vigelegele. Watu huuliza mubalagha hutofautiana vipi na uongo. Mwongo anataka uamini. Mjigambaji anataka ujue kwamba ameongeza, na ucheke naye. Ukikutana na chumvi katika kitabu, jiulize mwandishi anacheka na nani. Akiwa anamcheka mhusika anayejisifu, mubalagha hiyo imekwisha kugeuka dhihaka.

Wa nne, mvua inauliza ruhusa. Angalia kwamba nimeandika "ilisita", sikuandika "alisita". Mvua imebaki mvua, imepewa adabu tu, kama mtumishi. Ningeipeleka kwenye ngeli ya watu ingekuwa mpinzani wa mkulima, na majigambo yangekuwa mengine.

Wa tano unaturudishia mgomba. Mzee wetu aliuazima kwa sababu ya machipukizi yanayolelewa. Huyu ameuazima kwa sababu haufi hata ukikatwa. Mti ule ule, sifa mbili. Kwa hiyo daftari linalosema "mgomba huashiria malezi" litakuangusha. Picha haina maana moja iliyopigiliwa misumari; maana inatokana na kinachosemwa pale ulipo. Angalia pia kwamba "ni" haipo, na sitiari haikudhoofika.

Wa mwisho ni swali lisilongoja jibu, tashititi. Kazi yake hutaiona ukilisoma kimyakimya. Mjigambaji hukaa kimya sekunde mbili tatu baada ya kuuliza, na kimya cha wageni ndicho jibu. Halafu "nimesimama" ina safari mbili: amesimama pale mbele ya watu, na amesimama maishani, hajaanguka. Neno "mimi" lililofungua msitari wa kwanza na wa tano ni takriri, na katika majigambo takriri ya nafsi ni kama uti wa mgongo. Mtu anayejigamba kwa nafsi ya tatu huwa anamsifu mwingine, na hayo si majigambo tena.

Majirani zetu Wahaya wana desturi ya kufungua hadithi ambayo inafaa kuandikwa ukutani darasani. Mtambaji hutangaza kwamba amekuja na ameona, na wasikilizaji humjibu kwamba aone, ili nao waone. Peter Seitel alikipa kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu ngano za Wahaya jina lililotokana na jibu hilo. Sijapata fasili ya taswira iliyo fupi kuliko hiyo. Taswira ni ile picha, harufu, baridi au sauti inayobaki kichwani baada ya maneno kupita, na inaweza kujengwa na sitiari, tashibiha, tashihisi au hata maneno ya kawaida yaliyochaguliwa vizuri. Wanafunzi huiorodhesha kama tamathali ya nane au ya tisa. Ingefaa waione kuwa ndiyo kazi ya zile nyingine.

Maneno ya kustahi, na vitu vinavyosimama badala ya vingine

Tafsida huonekana nyepesi: kwenda haja, kujifungua, ametutoka. Kagera ina mfano mzito. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983. Kabla jina la kitaalamu halijazoeleka, watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikivuka mpaka na wafanyabiashara kutoka Uganda. Uliza maswali yetu. Kinachosemwa ni ugonjwa. Kilichotajwa ni nguo. Hazifanani hata kidogo, kwa hiyo hii haiwezi kuwa sitiari. Zinaunganishwa na njia: biashara ile ile, mpaka ule ule, watu wale wale. Kitu kinapotajwa kwa jina la kingine kilicho jirani yake, wataalamu huita taashira. Na kwa kuwa jina la nguo lilimwezesha mtu kulizungumza jambo la kutisha bila kulitaja mbele ya mgonjwa, likawa pia tafsida. Lakini tazama upande wa pili: jina hilo liliwanyooshea kidole wafanyabiashara. Mijini baadaye pakazuka "ngoma", "umeme", "amekanyaga miwaya", nazo ni sitiari, zenye ukali na mzaha ambao Juliana haikuwa nao. Ukisoma tamthiliya ya "Kilio Chetu", inayowahusu vijana na ugonjwa huo, sikiliza wahusika wanautajaje na nani anaogopa kuutaja. Wazazi wasiotaja kitu kwa jina lake ndio kiini cha mchezo wote.

Ishara ni jambo jingine tena, na mfano wake mzuri uko Bweranyange, yalikokuwa makao ya watawala wa Karagwe. Msafiri Speke alifika kwa Omukama Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861, na msafiri mwenzake Stanley mwaka 1876. Stanley aliichapisha picha ya nyumba ya hazina ya mfalme, na miongoni mwa hazina za Karagwe kulikuwa na mikuki ya fahari na sanamu ndogo za ng'ombe za chuma. Ng'ombe wa chuma hatoi maziwa. Amekusanya ndani yake mambo mawili yaliyomfanya mtu awe mtawala katika nchi hizi, mifugo na uhunzi. Sitiari ya kawaida huzaliwa na kufa ndani ya sentensi; ishara hukaa, ikarudi tena na tena, ikizidi kulimbikiza maana. Katika riwaya itafute kwenye kitu kinachotajwa mara nyingi kuliko hadithi inavyokihitaji: mlango, kikombe kilichopasuka, njia ya reli.

Hata majina ya vitabu vya shule yamejaa haya, na huwa nashangaa kwa nini hatuanzii hapo. "Wasakatonge" ya Mohamed Seif Khatib: tonge ni sehemu ndogo ya riziki iliyosimama badala ya riziki yote, na kusaka ni kazi ya mwindaji, kwa hiyo mnyonge amegeuzwa mwindaji wa kitu kinachoingia kinywani mara moja. "Joka la Mdimu" ya Abdallah Safari ni nusu ya methali. Nusu iliyoachwa, kwamba joka hilo hulinda watundao, ndiyo itakayokufungulia kitabu. "Shamba la Wanyama", tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, ni sitiari iliyorefushwa ikawa hadithi nzima. "Kusadikika" ya Shaaban Robert nayo ni nchi ya kubuni iliyowekwa angani ili ya ardhini izungumzwe kwa usalama.

Kuhusu sauti nitasema kidogo. Vitabu huyaweka pamoja, chini ya tanakali sauti, maneno kama pu, chubwi, fofofo, pe na ti. Pu na chubwi huiga sauti ya kuanguka, nchi kavu na majini. Lakini "nyeupe pe" na "nyeusi ti" haziigi sauti yoyote, weupe haulii. Hayo ni maneno yanayokazia picha, na ukieleza tofauti hiyo katika jibu lako msahihishaji atajua hukukariri.

Vitabu kutoka Kenya

Maduka ya vitabu yana miongozo ya Kenya pia, mizuri mingi, lakini majina yanagongana. Mkenya husema chuku pale tunaposema mubalagha. Balagha kwake ni swali lisilotaka jibu, yaani tashititi yetu. Na tashtiti yake iko karibu na dhihaka. Majazi katika vitabu vya huko ni jina la mhusika linaloendana na tabia yake, ilhali katika baadhi ya vitabu vya hapa ni kukitaja kitu kwa kingine kilicho karibu nacho. Istiara ni sitiari kwa wengine, na kwa wengine ni hadithi nzima ya mafumbo. Ukiwa mtahiniwa wa Tanzania, tumia majina ya mwalimu wako na muhtasari wako, na kila unapotaja jina weka fasili fupi pembeni. Ukifanya hivyo hata mtu aliyezoea jina jingine atakufuata.

Kwenye karatasi ya mtihani

Jibu dhaifu husema: "Mwandishi ametumia tashibiha, kwa mfano 'alitembea kama kinyonga'. Hii imeipamba kazi yake." Kupamba ni neno la kukwepa kazi. Jibu lenye nguvu lingesema: mwandishi anaufananisha mwendo wa karani na wa kinyonga. Kinyonga hutembea kwa kusitasita, tena hubadilika rangi, na katika sura hiyo hiyo karani ameahidi pande mbili tofauti. Kwa hiyo tashibiha inatuonesha uvivu wake kwa nje na unafiki wake kwa ndani, kabla mhusika mwingine hajautambua. Angalia jinsi jibu hilo lilivyofuata maswali yetu: kinachosemwa, kilichoazimwa, kinachounganisha, kisha kazi katika hadithi. Halina urefu wa kutisha. Mifano mitatu ya namna hiyo inazidi kumi iliyotajwa majina tu.

Nukuu maneno kama yalivyo, na useme nani ameyasema. Kejeli hasa haiwezi kuelezwa bila msemaji na hali. "Mizani yako ina huruma" ikitoka kwa mnunuzi mwenyewe ni kujitangaza. Ikitoka kwa mkulima mbele ya majirani ni mshale. Maneno hayajabadilika hata herufi.

Zoezi

Kwa wiki moja beba daftari dogo. Andika semi utakazozisikia kwenye kilabu cha rubisi, kanisani, msikitini, kwa msema chochote wa harusi, kwenye vipindi vya Redio FADECO. Usiandike majina ya tamathali siku hiyo. Yaandike siku ya saba. Utaona kwamba nyingine hazina jina linalokaa sawasawa, na hakuna ubaya, ilimradi umeeleza zinafanya nini.

Kabla hujaanza, jipime kwa sentensi hizi tatu. Ya kwanza: "Mwaka huu senene wamekuja kama kawaida." Ya pili: "Mnyauko umepita shambani kwetu bila kubisha hodi." Ya tatu: mama anamwambia mwanawe aliyerudi saa tano usiku, "Karibu mgeni, umetuheshimu kuja mapema."

Ya kwanza haina tashibiha. "Kama kawaida" ni namna ya tendo. Ya pili ina tashihisi, na kitenzi kimebaki "umepita", kwa hiyo ugonjwa wa migomba umepewa utovu wa adabu bila kupewa nafsi. Ungeandika "amepita" ungemfanya Mnyauko mhusika. Ya tatu ni kejeli katika "mapema" na katika "umetuheshimu". "Mgeni" nayo ni kejeli, ila imebeba na sitiari, mtoto wa nyumba ameitwa mtu wa kupita. Na hiyo ndiyo itakayomuuma kuliko zote mbili, kwa kuwa mgeni hukaribishwa, hupewa kiti, na haulizwi alikokuwa.